Uliza Ujibiwe: "Nimepata kazi ya kulea mbwa, nyumbani wananicheka"

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili mitatu tu kwamba nina miaka tisa sasa ni mlezi wa mbwa kwenye kituo cha mbwa waliookolewa, nje kidogo ya Arusha mjini. Sikutegemea barua zingekuja nyingi hivi. Wengine wanaitaka hiyo kazi, wengine wanayo tayari na imewachosha, na wengine wamekasirika kabisa kwamba kuna watu wanalisha mbwa. Nimechagua sita, zilizofanana nimezijibu humo humo.

SWALI: Habari dada. Mimi ni kijana wa miaka 23, natokea Singida, nilimaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani muda mrefu tu nasaidia shambani. Sasa kuna kituo cha mbwa huko Arusha wameniita nianze kazi mwezi ujao. Hapa nyumbani ni vicheko, mjomba kaniambia mbele za watu "yaani umesoma ili ukachote mavi ya mbwa". Naomba uniambie ukweli, siku nzima mnafanya nini, na je ni kazi ya kumtoa mtu? – Msomaji, Singida

JIBU: Mdogo wangu hongera sana. Na mavi utachota, sikufichi, asubuhi na jioni, sikukuu na siku za mvua. Ila ngoja nikuelezee.

Kituoni kwetu tunaingia saa kumi na mbili na nusu, bado kuna baridi la Meru, na mbwa wanaanza kubweka wakisikia tu funguo zinagongana. Kabla sijashika fagio nazunguka mabanda yote mikono mitupu, naangalia tu. Nani kaja mlangoni, nani kabaki kalala, bakuli la nani bado lina chakula cha jana, maji ya nani hayajapungua. Mbwa hana namna ya kukuambia tumbo linamuuma, yeye leo haji mlangoni, basi, na kama we hujui kwamba kila siku huwa ndo wa kwanza kufika mlangoni utampita na ndoo yako unaenda zako. Hapo ndo kazi yenyewe ilipo. Unatakiwa umjue kila mmoja siku yake ya kawaida ikoje, mpaka ikibadilika kidogo tu ikushtue. Nimeona watu wengi wanakuja wanawapenda mbwa sana, wiki ya kwanza wanapiga picha nao, lakini kuangalia hawaangalii, na hao hawadumu.

Sasa tuje kwenye mavi. Kwenye mavi unaona vipande vyeupe kama punje za wali, hiyo ni minyoo ya tegu. Unaona ute, unaona damu, unaona mfuko wa nailoni alioula barabarani kabla hajaletwa. Kuna asubuhi moja nilikuta kwenye banda la watoto wa wiki kumi tone dogo tu, halifiki kijiko, la utelezi na wekundu, na ile harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Watoto wote sita walikuwa bado wanacheza. Nikamwita daktari wetu wa mifugo hapo hapo, kupima ikawa parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaowaharisha damu watoto wa mbwa, tukawatenga, tukawawekea dripu, tukapokezana usiku siku nne mfululizo. Wanne walipona. Wawili walikufa, mmoja mikononi mwangu saa tisa usiku, na mpaka leo nikifikiria nashukuru niliinama nikaliangalia lile tone badala ya kulimwagia maji tu.

Ndo maana usafi una mpangilio, na usikubali mtu akufundishe kuuvunja. Unaanza na watoto ambao chanjo hazijakamilika, unakuja kwa wakubwa wazima, af wageni walioko karantini, wagonjwa mwisho kabisa, na ukishaingia kwa wagonjwa hurudi nyuma mpaka umebadilisha gambuti na ovaroli. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi, sabuni ya kawaida hakiiogopi. Tunatumia jiki, sehemu moja kwa maji sehemu 30, na unaanza kwa kutoa uchafu wote kwanza, unasugua, af ndo unamwaga jiki unaiacha dakika kumi. Jiki juu ya mavi haifanyi chochote, unapoteza hela tu. Na mbwa awe ameshatolewa humo, asikanyage ikiwa mbichi.

Mengine utayazoea haraka. Chakula chetu ni dona na dagaa, au utumbo ukipatikana, na unga uukague wewe mwenyewe kwa macho na pua maana unga wenye kuvu una sumukuvu na inaua ini la mbwa polepole wakati nyie mnadhani ana malaria ya mbwa, ile homa inayoletwa na kupe. Vitunguu usiweke kabisa. Kila mmoja bakuli lake na nafasi yake, ugomvi mwingi wa mbwa unaanzia kwenye bakuli. Milango ni miwili kila sehemu, unafunga wa kwanza ndo unafungua wa pili, hata ukiwa na haraka. Mchana ni kuwatembeza kwa kamba mmoja mmoja, jioni dawa na kukagua kupe, masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia.

Kuhusu kumtoa mtu: mshahara wa kuanzia ni mdogo, nisikudanganye. Kabla hujasaini ulizia mkataba wa maandishi, ulizia NSSF, ulizia kama wamejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi maana ukiumwa na mbwa kazini hayo ni madhara ya kazini, na ulizia chanjo yako wewe ya kichaa cha mbwa kabla hujaingia bandani. Kituo kikisema chanjo utajigharamia mwenyewe, kibane kwa heshima, na wakikataa kabisa fikiria mara mbili. Af ukishakaa mwaka mmoja miwili, kuna Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, wana chuo pale pale Tengeru, wanafundisha afya ya mifugo cheti na diploma. Kachungulie sifa zao mapema kama matokeo yako ya masomo ya sayansi yanaruhusu. Kijana niliyekuwa nabeba naye ndoo ndo sasa anachanja mbwa wa kata nzima.

Mjomba wako msalimie. Manesi nao wanashika mavi ya wagonjwa kila siku na hakuna anayewacheka.

SWALI: Mwanangu anafanya kazi kituo cha mbwa. Siku nne zilizopita aliamulia mbwa wakipigana akang'atwa mkono, jino limeingia. Alipaka spiriti na kitunguu swaumu, bosi wake akasema huyo mbwa ana chanjo asiwe na wasiwasi. Kidonda kinaanza kukauka. Je kuna haja ya kwenda hospitali? – Mama, Mbagala

JIBU: Mama shikamoo. Mpeleke leo. Ukimaliza kusoma hapa mpigie simu atoke kazini aende.

Siku nne zimepita ndiyo, ila hajachelewa maadamu hana dalili yoyote. Kichaa cha mbwa kinachukua muda kutokea, mara nyingi miezi miwili mitatu, inaweza kuwa wiki moja na inaweza kufika mwaka, na sindano inafanya kazi muda wote huo kabla dalili hazijaanza. Zikishaanza, ule mwili kuwasha palipong'atwa, kuogopa maji, kuweweseka, hapo hakuna dawa na karibu wote wanakufa. Kwa hiyo kidonda kukauka kusikufariji, kidonda na kichaa ni vitu viwili tofauti.

Akifika aseme kabisa "nimeng'atwa na mbwa, jino limeingia". Ataanzishiwa sindano siku hiyo hiyo, na zinazofuata atapewa tarehe zake, ya siku ya tatu, ya saba na kuendelea kulingana na ratiba ya hospitali, asiruke hata moja hata akijisikia mzima. Kwa jeraha la jino kuingia wanaweza kumpa na dawa nyingine ya kudungwa pale pale kwenye kidonda, na sindano ya pepopunda pia. Kama alishawahi kuchanjwa kabla ya kuanza kazi aseme, maana sindano zinapungua, lakini haimaanishi haendi.

Chanjo ya mbwa aulizie cheti, akione kwa macho yake chenye tarehe. Neno la bosi halitoshi. Na mbwa asiuawe wala asitolewe, akae peke yake aangaliwe siku kumi, akibaki mzima siku zote kumi ni taarifa kubwa sana kwa daktari. Sindano zianze huku mnamwangalia mbwa, msisubiri.

Na kwa wote mnaosoma: mbwa akikung'ata, kabla ya kila kitu ni maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kwa saa, hata kama inauma. Kirusi hiki sabuni inakiharibu. Kitunguu, mafuta ya taa, pilipili, unga wa kahawa, sarafu, vyote hivyo acheni. Mimi niling'atwa mwezi wangu wa pili kazini, zahanati ya kwanza wakanipa ya pepopunda tu wakaniambia ya kichaa imeisha nirudi wiki ijayo, na mimi kwa ugeni wangu nilikuwa nimeshageuka niende nyumbani, mwenzangu wa kazini ndo alinishika mkono tukapanda daladala nyingine mpaka hospitali kubwa, tukaipata. Wakikuambia imeisha, uliza hapo hapo ipo wapi na uende.

SWALI: Assalam alaykum. Mimi ni binti wa Kiislamu, nimesomea mifugo, nimepata nafasi kwenye kituo cha mbwa na paka. Wazee hapa nyumbani wanasema mbwa ni najisi, swala zangu zitaharibika. Napenda wanyama kwelikweli. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Wa alaykum salaam mdogo wangu. Fatwa siwezi kukupa, mimi sio mwanachuoni na wala sio Mwislamu, hilo kaulize kwa sheikh wenu na umweleze kazi yenyewe ilivyo kinagaubaga, usimwambie tu "nataka kufuga mbwa" maana hilo ni swali lingine. Ninachoweza ni kukuambia nilichokiona kwa mwenzangu ambaye ni Mwislamu, mtu wa swala tano, tumefanya kazi banda moja miaka sita.

Yeye alinieleza kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndo ya watu wengi wa pwani yetu, unajisi wa mbwa unahama kukiwa na unyevu, mate yake hasa, na pakiguswa panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Na kwamba wa madhehebu ya Maliki wanaona tofauti. Kwa hiyo akajiwekea utaratibu wake. Ana nguo za kazini ambazo hazitoki getini, gambuti na glavu ndefu za mpira, ana ndoo yake ya udongo safi pembeni ya bomba na hakuna mtu anayeigusa, na kile chumba cha stoo kilichofungwa mbwa hawaingii kabisa ndo kuna mswala wake. Adhuhuri anatoka dakika 20 mapema, anaoga, anabadilisha, anaswali. Uongozi ulikubali kwa sababu aliomba siku ya kwanza, na wewe omba siku ya kwanza, usisubiri ikuletee ugomvi.

Yeye ndo alinisimulia ile hadithi ambayo naamini wazee wako wanaijua kuliko mimi, ya mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akampa, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kaa na wazee, zungumza nao taratibu kuhusu hiyo, na uwaeleze kwamba unaenda kutibu. Wakiona unavyojihifadhi watatulia, wa mwenzangu walitulia. Mama yake sasa hivi anatuma makombo ya dagaa.

SWALI: Mna moyo gani wa kulisha mbwa wakati kuna watoto wanalala njaa? Si wapigwe risasi tu hao mbwa koko mitaa iwe salama. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu yangu, hasira yako naielewa, na watoto hao wanalala njaa kweli. Ila usalama wa mtaa unaoutaka wewe ndo ninaoutaka na mimi. Mbwa koko wamekuwa wakipigwa risasi na kuwekewa sumu miaka na miaka na kichaa hakijaisha, kwa sababu ukiwaondoa hawa, jalala bado lipo, wengine wanahamia, nao hawana chanjo. Kinachokata kichaa ni kuchanja, Shirika la Afya Duniani wanasema ukifikisha asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa pa kupita. Vijiji vinavyozunguka Serengeti vimechanjiwa mbwa wao kwa zaidi ya miaka 20 na watu wa kule wanajua tofauti. Na hata simba wetu, mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wa vijijini wanaubeba. Mbwa akipita kwetu anatoka amechanjwa na amefungwa kizazi. Anayeng'atwa zaidi na mbwa wa mtaani ni mtoto, yule yule uliyemtaja.

SWALI: Dada mimi niko kwenye hii kazi miezi minne, Moshi. Kuna mbwa aliletwa wiki tatu zilizopita, anakaa nyuma kabisa ya banda kwenye kona, hali mtu akiwepo, ukisogea anatetemeka anajikojolea. Mwenzangu anasema anadekezwa, tumfunge kamba tumtoe kwa nguvu azoee. Jana alimvuta, akanguruma, akapigwa. Mi roho inaniuma ila sijui la kusema. – Msomaji, Moshi

JIBU: Cha kusema ni hiki, na ukiseme kesho asubuhi mbele ya msimamizi: huyo mbwa asivutwe tena na asipigwe tena. Kila akivutwa anathibitisha kwamba alikuwa sahihi kuwaogopa. Na kunguruma ndo lugha ya mwisho aliyobakiwa nayo ya kuwaomba msogee nyuma, akipigwa kwa kunguruma ataacha kunguruma, siku nyingine ataingiza jino moja kwa moja bila onyo na hapo mtasema kabadilika ghafla.

Nikuambie habari za mbwa tuliyemwita Mashaka. Aliletwa na waya shingoni, ule wa kufungia uzio, umezama kwenye nyama, aliyemfunga alimfunga akiwa mdogo akakua nao. Daktari akautoa, kidonda kikapona, lakini yeye akabaki kwenye kona banda la mwisho, uso ukutani. Alikuwa anakula usiku tu, asubuhi nakuta bakuli tupu na yeye yuko pale pale kama hajasogea.

Nikachukua ndoo nikaigeuza, nikawa nakaa juu yake kila jioni saa kumi na moja, dakika 20, ndani ya banda lakini mlangoni kabisa, ubavu nimempa yeye, macho nimeyapeleka nje. Simwiti, simshiki. Nasoma gazeti kwa sauti ya chini, bei za mahindi, matokeo ya mpira, chochote. Koti ni lile lile kila siku. Nikiondoka natupa dagaa watatu nyuma yangu, nafunga. Siku ya tisa nikasikia anatafuna na mimi bado sijaondoka, sikugeuka, na kutokugeuka kulinishinda karibu, mikono ilikuwa inanitetemeka. Wiki ya tatu nikahisi pumzi kwenye mgongo wa koti, akanusa, akarudi. Siku ya 41, najua kwa sababu nilikuwa naandika kwenye daftari, alikuja akasimama pembeni, akashusha kidevu chake akakiweka juu ya gambuti langu. Uzito wake wote wa kichwa. Sikumgusa. Nilimaliza kusoma ule ukurasa nikaanza tena mwanzo kwa sababu sikuwa na kingine cha kusoma na sikutaka sauti ikatike.

Kwa nini sikumgusa, kwa sababu aliyekuja kwa miguu yake anatakiwa ajue anaweza kuondoka kwa miguu yake. Hilo ndo linamleta kesho yake.

Kwa hiyo wako anza hivyo, mtu mmoja, muda ule ule kila siku, nguo hizo hizo. Umbali utakaoanzia ni ule ambao anaacha kutetemeka, hata kama ni nje ya banda. Ukiona anajiramba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, au anakutazama huku weupe wa jicho unaonekana pembeni, umekaribia mno, rudi hatua moja. Akiganda kabisa kama sanamu huko ni kubaya kuliko kunguruma, toka taratibu. Mkono usiupitishe juu ya kichwa chake, wengi wao kilichowahi kupita juu ya kichwa ni fimbo. Mwombe daktari amkague masikio, meno na viungo, maana maumivu nayo yanamficha mbwa kwenye kona na gazeti lako halitatibu sikio lililooza. Na kama mna mbwa mpole mwenye umri, mwekeni banda la jirani wanapoonana kwenye wavu, kuna vitu mbwa anavikubali akiviona kwa mwenzake.

Mwenzako usimsemee vibaya. Mwombe akae na wewe jioni moja kwenye ndoo ya pili, akimwona mbwa anatafuna mwenyewe kona yake ataelewa haraka kuliko ukimweleza.

SWALI: Sasa dada, natumai uko poa. Niko Nairobi, nimefanya kazi ya kulea mbwa mwaka mmoja na nusu hapa. Kuna dogi mmoja wa kike anaitwa Chui, alikuja akiwa mgonjwa sana, mimi ndio nilimlisha na sirinji. Sasa amepata familia, wanamchukua Jumamosi. Wenzangu wanasherehekea, mimi najificha choo nalia. Niko na shida? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Huna shida yoyote mpenzi. Umemlisha kwa sirinji, ungekuwa hulii ndo ningeuliza. Nina miaka tisa na mpaka leo nikisikia gari la watu wanaokuja kuchukua mbwa linaingia getini kuna kitu kinanibana hapa kifuani, na bado nataka lije, maana banda lake likibaki tupu Jumamosi, Jumatatu linaingia mwingine aliyeko jalalani sasa hivi.

Ila hizo siku zilizobaki usizimalizie chooni, Chui ana kazi ya kufanyiwa na ni wewe tu unayeweza. Kaa chini uandike. Anakula saa ngapi na nini, maana akibadilishiwa chakula ghafla ataharisha na watu watadhani anaumwa. Anaogopa nini, kama ni pikipiki, kama ni mtu mwenye mwavuli, kama ni fagio. Anapenda kukunwa wapi na wapi hataki. Akitaka kutoka nje kukojoa anafanyaje, kila mbwa ana lake. Dawa za minyoo na chanjo ya mwisho lini, na ijayo lini. Waambie wasimwalikie majirani kuja kumwona wiki ya kwanza, wasimwogeshe siku ya kwanza, wasimwache bila kamba nje mpaka wiki kadhaa zipite hata kama anaonekana mpole. Sisi huwa tunawaambia watu siku tatu za kushangaa, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu mpaka ajue hapa ni kwake.

Blanketi lake usilifue. Mpe aende nalo na harufu ya banda, harufu ya wenzake na yako.

Na andika unavyomwita, sio jina la kwenye faili, lile unalomwita mkiwa wawili. Mashaka yule alipata nyumba baadaye, kwa mama mmoja mtu mzima huko Usa River. Karatasi niliandika vizuri, chakula, hofu zake, kila kitu, na juu nikaandika MASHAKA kwa herufi kubwa. Siku ya pili yule mama akanipigia usiku, mbwa kaingia chini ya kitanda tangu asubuhi, hajala, wanamwita Mashaka Mashaka wala hasikii. Ndo nikakumbuka kwamba mimi jina hilo nililitumia kwenye makaratasi tu, kule bandani miezi yote ile nilikuwa namwita babu. Nikamwambia mama, kaa chini sakafuni, usimwangalie, sema "babu" mara moja af nyamaza. Akaiweka simu chini. Nikamsikia anasema, kimya, af nikasikia kucha kwenye vigae, polepole, zinakuja.

Kwa hiyo liandike na hilo, hata kama ni jina la kitoto na unaona aibu wenzako wakilisoma.